Tenimba Alisema "Bado"

Kijiwe chetu kipo Lafiabugu, hapa Bamako, mbele ya karakana ya Bwana Hewa, mahali ambapo pikipiki zote za mtaa huja kulazwa zikiugua. Tuna benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika dogo la bluu lililopoteza mfuniko, na glasi mbili zinazozunguka kwa zamu. Majani ni yale yale, yanachemshwa mara tatu: mkupuo wa kwanza mchungu unakukunja uso, wa pili unasameheka, wa tatu sukari tupu. Wanachama wa kudumu ni wanne. Bwana Hewa mwenyewe, ambaye kazi yake ni kuziba pancha na kuzua habari. Balozi, aliyelinda geti la ubalozi mmoja mpaka akastaafu, na mpaka leo anaongea kama vile yeye ndiye alikuwa ndani. Mimi, fundi cherehani, wananiita Sindano. Na Zumana Traore, mwashi, ambaye hapa jina lake ni Kimya, maana anaweza kuja, akanywa mikupuo yote mitatu, akaaga kwa kichwa na kwenda zake bila kutoa hata neno. Sasa siku ninayoisimulia, huyo Kimya ndiye alikuwa amesema. Na alichokisema kilikuwa kimetuvurugia mtaa mzima.

— Rudia, — Balozi alimwambia. — Rudia taratibu, neno kwa neno.

Kimya alikuwa ameinama, anachora mchanga kwa kijiti.

— Nilikuwa kwenye foleni ya mkate.

— Asubuhi?

— Asubuhi. Nikageuka, nikamwona yuko nyuma yangu.

— Nani?

— Balozi, unamjua ni nani.

— Sema jina lake.

— Tenimba. Alikuwa nyuma yangu, kajifunga mtandio wa kahawia, kashika kikapu.

— Ukamwambia nini?

Kimya akavuta pumzi ndefu.

— Nikamwambia, "Mama, mimi nilidhani ulishakufa."

Bwana Hewa, ambaye alikuwa ameshaisikia habari hiyo tangu asubuhi, alijipiga paji la uso kama ndiyo kwanza anaisikia.

— Umechemka, mwanangu! Umechemka mpaka birika langu linaona haya!

Ngoja niseme kidogo Tenimba ni nani, maana kuna vijana siku hizi hawamjui. Sisi tulipokuwa tunaoa, hakukuwa na harusi bila kanda yake. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kila dirisha, kwenye kila duka la kinyozi, kwenye kila lori lililobeba ng'ombe. Hakuwa na jina lingine. Kwenye jalada la kanda iliandikwa Tenimba, basi, na picha yake akiwa ametazama pembeni kama anayesikiliza mtu anayeita kutoka mbali. Halafu akanyamaza. Mwaka ukapita, na mwingine, redio zikapata watu wengine wa kupiga. Kuna aliyesema yuko Abidjan, kuna aliyesema yuko Paris, na kuna waliosema amefariki, na hao ndio Kimya aliwaamini. Sasa siku moja kabla ya mvua kuanza, lori likasimama kwenye nyumba ile yenye geti la kijani, inayotazamana na karakana, akashuka mwanamke mrefu, mtu mzima, akaanza kushusha masufuria yake mwenyewe. Balozi ndiye aliyemtambua. Glasi ilimponyoka.

Tangu hapo hatukuwa na amani. Wote wanne tulikuwa tumeshakutana naye, na wote wanne tulikuwa tumeshachemka. Balozi alimpigia saluti, mguu chini pwaa, kama amiri jeshi amepita, na mama wa watu akashtuka akaangusha limau. Bwana Hewa aliletewa baiskeli ya kijana wa kazi wa Tenimba, na Tenimba mwenyewe kasimama pale anangoja. Akajaza upepo, akajaza, huku anamtazama usoni, mpaka tairi likapasuka. Mimi alinijia dukani na kitambaa cha kupinda. Nilikuwa na pini mdomoni. Badala ya kuzitoa nikaziacha, akawa anauliza mimi najibu "mmh". Alirudi kuchukua kitambaa, na nakuapia hapakuwa na haja yoyote, nikazitia tena pini mdomoni nilipomwona anavuka barabara.

Lakini hayo yote ni mambo ya kusameheka. La Kimya ndilo lilikuwa kubwa kuliko.

— Na yeye akajibu nini? — Balozi akaendelea.

— Alinitazama.

— Kwa jicho gani?

— Jicho la kawaida. Akasema, "Bado." Akachukua mkate wake akaondoka.

— "Bado" tu?

— "Bado" tu.

Bwana Hewa akamimina chai kutoka juu ili itoe povu, akatingisha kichwa.

— Hilo neno si dogo. "Bado" maana yake anangojea. Watu wenye vipaji kama vile wanaambiwa siku yao. Umemkumbusha kitu ambacho alikuwa anajaribu kukisahau.

— Acha zako, — mimi nikamwambia. — Labda kakasirika tu kama mtu mwingine.

— Sindano, wewe bakia kwenye vifungo. Mwimbaji hakasiriki kama mimi na wewe. Mimi na wewe tukikasirika tunatukana, tunakunywa maji, imekwisha. Mwimbaji anatunga. Atamwimba huyu!

Kimya akainua kichwa.

— Ataniimba vipi?

— Kwa jina. "Zumana Traore, mwashi wa Lafiabugu, aliyenizika nikiwa hai." Wimbo utapendwa, watu watacheza. Binti yako ataolewa, mpiga muziki ataupiga palepale harusini, wakwe watauliza ni Zumana gani huyo, na wewe umekaa mbele na kanzu yako mpya.

— Mungu apishe mbali, — Kimya akasema.

— Hataimba, — Balozi akasema kwa sauti ya mtu anayejua siri. — Hawezi kuimba. Nyie hamjui mikataba. Mimi nimekaa getini miaka, nimeona mikataba inaingia na inatoka. Yule mama aliiuza sauti yake huko Ulaya. Yote. Ina mwenyewe sasa. Akisema "habari za asubuhi" tu, anadaiwa.

— Balozi!

— Mmeshawahi kumsikia akiongea maneno mengi? "Bado." Neno moja. Anabana matumizi!

Hapo nilicheka mpaka chai ikanipitia puani. Lakini Bwana Hewa hakucheka. Alikuwa ameshapata jingine, na ukimwona Bwana Hewa ameacha kupepea mkaa, ujue kapata jingine.

— Hamwoni kitu kimoja nyie. Kama Tenimba kweli alikufa? Eeh? Kama waliosema amekufa walisema kweli? Tenimba alikuwa na pacha. Nasema yule ni pacha! Ndiyo maana haimbi, ndiyo maana hana wageni. Kaambiwa "nilidhani umekufa", kaona siri imefichuka, kasema "bado" kwa kubabaika!

— Pacha kabisa.

— Pacha kabisa. Mtazameni sikio la kushoto. Kwenye jalada la kanda sikio la kushoto lilikuwa dogo.

— Kwenye jalada la kanda kaonyesha upande wa kulia, — nikamwambia. — Sikio la kushoto halionekani.

— Umeona sasa! Kwa nini walificha?

Kimya hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama geti la kijani, halafu akasema, kwa sauti yake ile ya chini:

— Nimepata kazi Kayes. Kuna ukuta wa shule wa kujenga. Nafikiri nitaenda.

Kayes ni mbali, na joto lake linapikia mayai barabarani. Kimya ana watoto hapa, ana mama mgonjwa ambaye anamwogesha mwenyewe kila Ijumaa.

— Kwa ajili ya neno moja? — nikamuuliza.

— Sindano, siwezi kupita hapa. Tangu asubuhi nazunguka nyuma ya msikiti kama mwizi. Kati ya watu wote duniani, yule ndiye niliyetaka kumwambia kitu kizuri. Nilikiweka tayari miaka. Nikamwona, kikapotea chote, kikatoka kile.

Ndipo alipotokea mtu anasukuma pikipiki, tairi la nyuma limelala, jasho linamtiririka. Sura ngeni, mkubwa wa mwili, ana magunia mawili ya viazi yamefungwa nyuma. Akaegesha, akatusalimia vizuri, mmoja mmoja, kama watu wa Sikasso wanavyosalimia: hujambo, na nyumbani, na watoto, na baba, na kazi, na ukoo wako?

— Sisoko, — Balozi akasema.

— Sidibe, — nikasema mimi.

— Traore, — Kimya akasema.

— Kulibali, — Bwana Hewa akasema, na tayari alikuwa anajikunja, maana Kulibali hana pa kujificha nchi hii: kila ukoo ni mtani wake, na tusi la utani ni kumwita mtu mla maharage.

— Kulibali! — mgeni akapaza sauti, uso umechanua. — Mungu wangu, nimeleta pikipiki yangu kwa mla maharage! Itapona kweli? Si utaitia maharage badala ya upepo?

— Na wewe ukoo gani, gunia wewe?

— Dembele.

— Dembele! Ndiyo maana tairi limeomba kufa!

Wakacheka, wakapeana mikono, na Dembele akakaa kwenye benchi kama mtu aliyezaliwa hapo. Akapewa glasi. Bwana Hewa akaanza kulitoa tairi.

Ni katika hali hiyo tukasikia magurudumu. Mkokoteni wa kukodi umekuja, umesimama mbele ya geti la kijani. Kijana mwenye mkokoteni akaingia ndani, akatoka na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Akaingia tena, akatoka na masufuria.

— Anahama, — Balozi akasema.

— Hajamaliza hata majira ya mvua!

— Kimya, umemhamisha Tenimba!

— Mimi nasema ni tairi, — Bwana Hewa akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na mchezo. — Nilimpasulia tairi. Sikumwomba hata radhi.

— Mimi nilimwambia "mmh", — nikasema.

Dembele alikuwa anatugeukia huku na huku, glasi mkononi.

— Ni nani huyo anayehama?

Tukamwambia. Tulimwambia wote kwa pamoja, tukikatizana: kanda, lori, saluti, pini, tairi, mkate, "bado", sauti iliyouzwa, pacha. Alisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alitegemea kuna kilichobaki, maana alingoja kidogo.

— Sawa, — akasema. — Na ukoo wake?

— Nini?

— Ukoo wake. Ni nani? Tenimba nani?

Nikamtazama Balozi. Balozi akamtazama Bwana Hewa. Bwana Hewa akalitazama tairi.

— Tenimba tu, — Balozi akasema. — Jina lake ni Tenimba.

— Hilo ni la kanda. Nauliza mlipomsalimia alipofika mtaani, alisema yeye wa ukoo gani?

Jamani. Sisi ni watu ambao hatuwezi kununua kiberiti bila kumuuliza muuzaji hali ya mama yake. Naujua ukoo wa mtu anayezibua mitaro. Naujua ukoo wa polisi aliyewahi kuninyang'anya cherehani. Na mama huyu alikuwa ameishi hatua chache kutoka kwetu tangu kabla ya mvua, wanaume wazima wanne tunajua nyimbo zake mpaka pale anapovuta pumzi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsalimia kama mtu anavyosalimiwa.

— Hamkumsalimia? — Dembele akauliza, polepole. Hakuwa anatukejeli. Alikuwa hajaelewa.

Kijana wa mkokoteni alitoka na kiti.

Kimya akasimama. Akajipangusa mchanga kwenye suruali, akavuka barabara. Mara hii hakuzunguka nyuma ya msikiti. Sisi tukamfuata, nyuma nyuma, Bwana Hewa na mikono yake myeusi ya grisi, na Dembele pia akaja, kwa sababu mtu gani angebaki.

Tenimba alikuwa amesimama uani ameshika ufagio. Kwa karibu alikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani, ana mikunjo midogo kando ya macho, na miguu imevimba kidogo. Alipotuona wote tumejaa getini alirudi nyuma hatua moja.

Kimya akafungua mdomo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, usimwache aseme tena.

— Salaam aleikum, — Kimya akasema.

— Aleikum salaam.

— Umeamkaje, mama?

— Nimeamka salama. Wewe je?

— Salama. Watu wako?

— Wazima. Wa kwako?

— Wazima. Mama yako?

— Alitangulia. Mungu amrehemu.

— Amina. Na watoto?

— Yuko mmoja, ng'ambo ya mto, Badalabugu. Mzima.

Alikuwa anajibu taratibu, na kila alipojibu mikono yake ilikuwa inalegea kwenye ule ufagio.

— Mama, ukoo wako?

— Diarra.

Nilikuwa nimesimama kando ya Kimya, nikaona kitu kinapita usoni mwake, kama mtu aliyekuwa amebeba tofali kichwani akapata pa kulitua. Traore na Diarra! Ni watani hao, na hakuna koo zinazotukanana kwa raha kama hizo mbili.

— Diarra! — akasema, na sauti ikawa kubwa ambayo hatukuwahi kuisikia. — Si ungesema tangu kwenye mkate! Mimi nimekosa kula mchana kutwa kwa ajili ya Diarra! Babu yangu aliwauza nyinyi wote kwa kapu la karanga, na karanga zenyewe zilikuwa mbovu!

Tenimba akamtazama. Ufagio ukaanguka.

— Wewe Traore?

— Traore mwenyewe, bwana wako.

— Mla maharage! — Tenimba akapiga makofi, mara moja, kofi kubwa. — Nilijua! Nikasema mtu anayeweza kunisimamisha kwenye foleni ya mkate akaniambia nimekufa, huyo ni Traore tu. Nyinyi hamjui kutofautisha mtu aliyekufa na mtu aliyeshiba, kwa sababu kushiba hamkujui!

Tukacheka wote, mpaka kijana wa mkokoteni, godoro begani. Na ilipotulia kidogo Kimya akasema:

— Mama, nisamehe. Lile halikuwa nililotaka kusema.

— Nikusamehe nini? — Tenimba akasema. — Tangu nimefika hapa, mtu aliyeniambia kitu ni wewe peke yako. Nikipita pale kwenu mazungumzo yanakatika. Nawasikia mnacheka tangu nikiwa jikoni, nasema leo nitatoka niwasalimie, nikitokeza mnakauka kama mmemwona mkaguzi. Huyu ananipigia mguu. Huyu ananisemea kwa pua. Nikajiuliza nimewakosea nini, labda hawataki mwanamke anayeishi peke yake. Nimeimba mbele ya viwanja vimejaa, baba. Lakini benchi lenu nalipita mbio kama mwenye deni. Leo nikamwambia mwanangu, nakuja kwako, mtaa huu haunitaki.

Balozi alikuwa anatazama viatu vyake.

— Haukutaki? — akasema, na hakukuwa na ubalozi wowote kwenye sauti. — Mama, tulikuwa tunaogopa kukuharibu.

— Kuniharibu vipi? Mimi ni yai?

Bwana Hewa hakungoja amri. Alimpokonya kijana godoro, akalirudisha ndani na alama za vidole vyake vya grisi. Mimi nikachukua masufuria, Dembele akabeba viti vyote kwa mkono mmoja. Kijana wa mkokoteni akawa anauliza sasa yeye anapakia au anapakua.

Mkupuo wa pili ulimkuta Tenimba amekaa kwenye benchi letu, kati yangu na Balozi. Aliionja chai, akasema ina sukari ya watu waoga, akaiongeza. Alituambia kwanza tusimwombe kuimba. Aliacha kwa sababu alichoka, akasema, hakuna aliyemkataza, hakuna mkataba; siku moja alipanda jukwaani akaona anataka kuwa nyumbani anapepeta mtama. Balozi alikohoa kidogo hapo. Tukasema hatutamwomba. Nasi hatukumwomba.

Basi Kimya, akiwa ametazama mkaa, akaanza kusema lile alilokuwa ameliweka.

— Nilikuwa Tamanrasset, kule jangwani, nikiwa kijana. Nabeba zege. Tulikuwa watatu tumetoka Bamako pamoja. Tukapata gari la kutuvusha mpaka Libya, na baada ya Libya ni bahari. Jioni moja kabla ya safari, kwenye ua tuliokuwa tunalala, mtu mmoja akaweka kanda yako. Ule wimbo wa kuku.

— "Kuku wameingia, jua limekwenda, uko wapi wewe," — Tenimba akasema. Alisema tu, hakuimba.

— Huo. Nilimsikia mama yangu ndani yake. Nakwambia ni yeye kabisa, amesimama mlangoni ananiita. Kulipokucha wenzangu wakapanda gari. Mimi nikatafuta la kurudi.

— Na wenzako?

— Sijapata habari zao mpaka leo. Hata mmoja.

Nimekaa benchi moja na mtu huyu miaka na miaka. Nimemshonea kanzu ya Idi, nimemzikia baba yake. Sikulijua hilo. Bwana Hewa alikuwa ameshika spana hewani, amesahau inaelekea wapi.

Tenimba alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Halafu akauma mdomo, kama mtu anayepigana na kitu.

— Traore, nikikwambia ukweli utakasirika?

— Sema.

— Ule wimbo nilimtungia punda.

— Nani?

— Punda. Tulikuwa na punda jike nyumbani, kule karibu na Segu, wa kijivu, mkaidi huyo. Akapotea. Baba alikwenda kumtafuta porini, mimi nikabaki juu ya ukuta naita. Nilikuwa mdogo. Baadaye tulipokuwa tunarekodi, kanda ikabaki na nafasi upande wa pili, tukakosa wimbo, nikakumbuka huo.

Balozi akageuka akaangalia mawingu. Mimi nilijibana mbavu. Kimya alikaa vilevile, mdomo wazi.

— Kwa hiyo mimi, — akasema, — mimi, mtu mzima, nimeacha gari jangwani…

— Ndiyo.

— Nimeitwa nyumbani kama…

— Ndiyo, baba. Nisamehe.

Sauti ikaanza kumtoka, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko chake ni kibaya, kina kwikwi, ndiyo maana labda alikuwa anakificha. Alicheka mpaka akashika goti la Tenimba kama mtoto anavyomshika shangazi yake, na Tenimba naye machozi yanamtiririka, anacheka, anampiga mgongoni.

Tairi la Dembele lilikuwa limeshazibwa kitambo. Alikuwa ameshavaa kofia, amekaa juu ya pikipiki, viazi vyake nyuma. Lakini hakuwasha.

— Samahani, — akasema. — Na yule punda? Alirudi?

Tenimba alishika glasi kwa mikono miwili, akaangalia povu.

— Niliita mpaka sauti ikakauka, — akasema. — Hakurudi. Baba alitafuta mpaka mvua zikaja, hakumwona.

Akamgeukia Kimya, akamtazama muda mrefu, kuanzia ndala mpaka kichwani, mikono yake ya saruji, mvi zake.

— Umerudi wewe.

Dembele aliaga, akaondoka polepole, na kwa mbali tuliona taa yake inapita sokoni. Kayes Kimya hakwenda. Ukuta ule waliujenga watu wengine. Lakini jioni hiyo hakuna aliyekuwa anawaza Kayes. Bwana Hewa alitia maji tena kwenye birika, mkupuo wa nne, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili anakifanya. Majani yalikuwa yamechoka kabisa, hayatoi rangi, ni maji ya moto yenye sukari na harufu ya mkaa. Tukayanywa kwa zamu, taratibu, na glasi ilipomfikia Tenimba hakusema kuwa ni mbaya.

— Kesho mnawasha moto saa ngapi? — akauliza.